Tambara la Foronya

Shahamu ya mbuzi ikiyeyushwa pamoja na nta ya nyuki hutoa harufu nzito, tamu kidogo, ambayo hata leo nikiinusa hunirudisha juu ya zulia la Babu, nimelala chali, mchana wa Ramadhani, nikitazama boriti za dari. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, nyumba ya ghorofa mbili yenye kuta nene za mawe na madirisha marefu, na katika saa zile za baada ya adhuhuri ilikuwa kimya kama mtu anayezuia pumzi. Harufu ilianzia jikoni chini, ikapanda ngazi moja moja bila haraka, ikaingia chumbani kwa Bibi, ikakaa kwenye mapazia yake. Bibi, aliyekuwa akisoma juzuu yake, alifunga kitabu taratibu na kuniambia mimi maneno yaliyomhusu mumewe. "Kamwambie babuyo nyumba yanuka kiwanda cha sabuni, na jioni tuna wageni wa kufuturu." Sikwenda. Niliipenda harufu ile, nikavuta pumzi ndefu, nikahisi zulia likipaa kidogo kutoka sakafuni.

Nilikuwa na miaka minane, na wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Maskati, kwa hivyo nililelewa na wazee hawa wawili. Babu alikuwa Mbulushi, mjukuu wa askari aliyevuka bahari zamani kuja kutumikia masultani, na kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kutoka kwa askari yule: gobori. Lilikuwa refu kunizidi, kitako chake cha mti mweusi kimepambwa kwa vipande vya pembe, na lilikuwa na kibali chake halali ambacho Babu alikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki kana kwamba ni cheti cha ndoa. Magobori mengi ni bomba tupu ndani. Hili letu lilikuwa na michirizi iliyojizungusha ndani ya mtutu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Babu aliwahi kunipa nichungulie kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chuma kikizunguka polepole kama maji yanayoingia shimoni. Kwa sababu ya michirizi ile, alinieleza, risasi haiwezi kutiwa peke yake. Hutengenezwa ndogo kidogo kuliko mtutu, kisha hufunikwa kwa tambara la duara lililolainishwa, na vyote viwili husukumwa chini kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Tambara ndilo linaloshika michirizi na kuizungusha risasi. Likiwa nene mno, halishuki. Likiwa jepesi au kavu, huungua kwa moto wa baruti, na risasi hutoka ikiyumba, haijui iendako.

Mwaka ule gobori lilikuwa karibu kututoka. Ami Twalib, mtoto wa kwanza wa Babu na ndugu mkubwa wa baba yangu, alikuwa mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi. Aliogopa bunduki ndani ya nyumba yenye mtoto, aliogopa umri wa Babu, na zaidi aliogopa macho yake, kwa kuwa marafiki wote wa Babu walikuwa wameshaanza kupapasa kuta. Mwenye duka la vitu vya kale hapo Ndia Kuu alikuwa amepata mgeni aliyelitaka gobori lile kulitundika ukutani kwake huko Ulaya, na mgeni huyo alikuwa aondoke baada ya wiki mbili. Babu alikataa. Wakabishana kwa adabu siku tatu mfululizo, kila mara baada ya tarawehe, mpaka Babu akachoka na kutoa neno. Wangekwenda Mazeras, kwenye timbo la mawe la rafiki yake, na angepiga risasi mbili kwenye kifuu cha nazi kilichowekwa hatua sitini. "Nikikipata hata mara moja, hutonisemesha tena habari ya kuuza hata nife. Nikikosa zote mbili, chukua." Ami akakubali. Bibi aliuliza kwa nini wasingoje Idd ipite, na Babu akasema mgeni hangoji, na saumu haijamfunga mikono.

Ndiyo maana nyumba ilinuka shahamu. Babu alikuwa na siku kumi za kuchagua vitu vitatu, risasi, tambara na mafuta, na alivichagua kwa utulivu wa mtu anayemchagulia bintiye mume. Risasi alizisubu mwenyewe uani, akiyeyusha vizito vya zamani vya mishipi ya kuvulia samaki na kumimina ndani ya kalibu ya chuma iliyokuja na gobori. Zilitoka ishirini, ziking'aa kama matone ya zebaki, nami nikadhani kazi imekwisha. Babu alizibingirisha moja moja juu ya sinia ya shaba na kusikiliza kwa sikio lake la kulia. Zilizobingirika kwa kuchechemea alizirudisha motoni. Zilizobaki tulizipeleka kwa sonara jirani yetu, Mhindi mpole aliyekuwa akizipima pete kwa pumzi iliyozuiwa, naye akazipima risasi zetu kwa mizani ileile ya dhahabu, bila kucheka. Iliyokuwa nyepesi kuliko wenzake ilikuwa na tundu la hewa ndani, alisema Babu, na kitu chenye tundu moyoni hakiendi sawa. Tulirudi nyumbani na risasi tano. Nilizibeba mimi, ndani ya ngumi, na njia nzima zilikuwa zikipata joto la mkono wangu mpaka nikasahau kama ni chuma. Kila zilipopungua kwa majaribio alisubu nyingine.

Tambara lilitupa kazi zaidi. Babu alifungua sanduku la vitambaa la Bibi bila ruhusa, kosa ambalo alilijibia kwa siku kadhaa, akajaribu kila kitu kwa kukibana kati ya kidole gumba na cha shahada na kufumba macho. Bafta ilikuwa laini lakini nyepesi. Marekani ilikuwa nene lakini nyuzi zake zilikuwa zimelegea. Kanga mpya ilikuwa na wanga, na wanga ukiungua huacha ukoko ndani ya mtutu. Mara mbili katika juma lile la kwanza alikwenda Mazeras kujaribu, akanichukua, na kazi yangu ilikuwa kukimbia baada ya mlio kuyaokota matambara yaliyoanguka majanini. Yalianguka hatua chache tu mbele yetu, yakifuka moshi. Babu aliyapokea na kuyasoma kama mtu anayesoma barua. Bafta ilirudi na tundu katikati. Marekani ilirudi imechanika pembeni. Hatimaye, jioni moja, Bibi alimwona amekaa kitandani akiutazama mto wake wa kulalia kwa huba isiyo ya kawaida. Ilikuwa foronya ya harusi yao, yenye mistari ya buluu, iliyofuliwa kwa miaka zaidi ya thelathini mpaka wanga wote ukatoka na nyuzi zikashikana. Bibi aliivua foronya ile, akachukua mkasi, akakata duara kumi na mbili kwa kufuata mdomo wa kikombe cha kahawa, na akamkabidhi. Kisha akasema, "Sasa nilalie nini?" na Babu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shabani.

Yakabaki mafuta, na hapo ndipo Ramadhani ilipomshika. Maisha yake yote Babu alitumia mate. Alilitia tambara mdomoni akiwa anapima baruti, akalitoa likiwa na unyevu uliokwenda sawa kila uzi, na kila aliyejua magobori alimwambia hakuna kilainisho kinachoshinda mate kwa risasi moja ya uhakika. Lakini sasa alikuwa amefunga. Huenda wapo ambao wangemwambia kulowesha kitambaa na kukitoa hakuharibu kitu, ila Babu alikuwa mtu wa tahadhari, na foronya ile ilikuwa na ladha ya sabuni ya miaka thelathini. Akajaribu mafuta ya nazi, yakayeyuka kwa jua na kuteremka kwenye baruti, ikakataa kuwaka. Akajaribu samli, ikawa kila akifyatua tunasikia harufu ya chapati, na Ami, aliyekuja kutazama, akasema huo ni mtihani kwa waliofunga. Mafuta ya cherehani yaliungua yakaacha weusi. Shahamu na nta vilikaribia, lakini risasi ilivutwa kushoto kiasi cha upana wa kiganja. Mwenye timbo, Mzee Mwero, mtu wa Rabai aliyesali kanisani na kutafuna tumbaku kwa bidii ileile, alijitolea mdomo wake. Babu alimshukuru, akamwambia mchanga wa tumbaku utakwaruza mtutu. "Si nitasukutua," alisema Mzee Mwero. "Mwero, hiyo tumbaku imekaa miaka arobaini," Babu akamjibu. "Haitoki kwa kusukutua, yataka kuhamishwa kwa barua." Wakacheka mpaka Mzee Mwero akapaliwa.

Ndipo Babu aliponigeukia. "Wewe hufungi, au sivyo?" Sikuwa nikifunga. Bibi alikuwa ameniambia nisubiri mwaka ujao. Nikatia tambara mdomoni, nikalizungusha kama nilivyomwona akifanya, nikampa. Lilikuwa na ladha ya sabuni na usingizi. Alilishika, akafumba macho, akalifungia risasi, akashindilia, akapiga, na kifuu kikapasuka vipande viwili. Nilipomletea tambara lilikuwa limetoka zima, limepigwa weusi kidogo katikati na mistari yake ya buluu bado inaonekana. Babu akalitandaza kiganjani. Akasema, "Tumepata mafuta yetu." Siku ile nilitembea nikiwa nimeufunga mdomo wangu, nikiutunza kama kitu cha thamani nilichokabidhiwa, na chakula cha jioni nilikila kwa upande mmoja tu.

Sasa nieleze nilivyoharibu mambo, na sitajitetea kwa umri. Usiku wa kuamkia siku ya mashindano nilikuwa na hofu ambayo mwili wangu mdogo haukuwa na pa kuiweka. Niliona gobori ukutani kwa mtu asiyejua jina la Babu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametuambia kwamba dua ya aliyefunga hairudishwi, na nilipolikumbuka neno hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Wakati wa daku nilijipenyeza kando ya Bibi nikala tende na kunywa maji kwa siri, nikatia nia ya kufunga kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa ajili ya Babu, ili apate. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilifikiri dua ya siri ina nguvu zaidi. Wala haikunipitia akilini, hata kidogo, kwamba mdomo nilioufunga ndio uleule uliokuwa ukingojwa Mazeras.

Tuliondoka baada ya adhuhuri kwa pikapu ya Ami. Tukavuka Makupa katikati ya malori, tukapita Kibarani ambako taka zilikuwa zikiungua na moshi wake ukaingia dirishani, nikahisi koo langu likikauka kama gazeti. Jua lilikuwa kali. Kila kitu nje kilikuwa kikitetemeka kidogo, miti, nguzo za umeme, watu, na mimi nilikuwa ndani ya ndoto tamu ya njaa, najiona mtakatifu. Nilikuwa bado ndani ya ndoto hiyo wakati Babu, timboni, alipopima baruti na kunyoosha mkono bila kunitazama, na tambara la foronya likawa limelala kwenye kiganja chake likinisubiri.

Nililitia mdomoni kwa mazoea. Ulimi wangu uligusa kitambaa na ukanata. Hapakuwa na mate. Ndipo nilipozinduka kwamba mdomo huu nilikuwa nimeufunga. Kama nikisema, nitakuwa nimeyaharibu. Kama nikinyamaza, yatakuwa yameharibika vilevile. Nikanyamaza. Nilimpa tambara likiwa na unyevu wa midomo tu, naye, kwa kuniamini, hakulibana kwa vidole kama kawaida yake. Akashindilia, akainua, akapiga. Kifuu hakikutikisika. Vumbi jeupe lilipanda ukutani, mbali upande wa kulia, na Mzee Mwero aliyekuwa amekaa nyuma ya mwamba kule mbele akatikisa mkono kuashiria hapana.

Siku ile Babu alikwenda kuliokota tambara mwenyewe. Lilikuwa limeungua katikati, tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole. Alisimama nalo kitambo, mgongo wake kwetu, kisha akalitia mfukoni, akarudi, akachuchumaa mbele yangu kana kwamba ananifunga viatu. Ami alikuwa nyuma yetu akifuta jasho. Babu aliitazama midomo yangu iliyopasuka na kuwa myeupe.

"Umefunga?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa kukubali. "Nalikufungia wewe," nikasema. "Upate."

Nililia bila machozi, maana hata hayo hayakuwapo. Kulikuwa na madafu chini ya kivuli, ya Mzee Mwero, nikamwambia nitakunywa moja, mate yatarudi upesi, nitafunga siku nyingine. Nikachukua tambara la pili nikalipeleka mdomoni. Babu aliushika mkono wangu katikati ya njia. "La," akasema. "Saumu yako ya kwanza, na umeifunga kwa ajili yangu? Siivundi kwa kipande cha chuma." Akalichukua tambara lile kavu, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa gauni langu, akalipigapiga kutoka nje likae sawa. Kisha akatoa tambara jingine na kikopo cha shahamu.

Risasi ya pili ilipita kushoto ya kifuu. Mzee Mwero alisema baadaye kwamba ilikigusa kwa upepo wake. Ami Twalib alikuja akasimama karibu na baba yake, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, kwa kuwa nadhani alitaka kushindwa yeye. "Nini, Baba?" akamuuliza. "Wiki iliyopita ulikuwa ukipiga." Nilingoja nisemwe. Tambara lililoungua lilikuwa mfukoni mwa Babu, ushahidi kamili, na kulionyesha tu kungetosha. Babu alilifuta gobori vumbi kwa ncha ya kikoi chake, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

"Mato, mwanangu," akasema, akigusa kope zake. "Mato yangu yamechoka."

Tulirudi nyumbani kisiwani. Magharibi ilipoadhiniwa Babu aliketi kando yangu mkekani, na mbele ya wageni wote akachagua tende moja kubwa, akaitia mkononi mwangu kabla hajagusa yake. Bibi alitutazama, akafahamu nusu, akaniongezea uji. Siku mbili baadaye gobori liliondoka Ndia Kuu likiwa limefungwa kwa magunia, na tangu hapo nyumba nzima ikaanza kumhesabu Babu kuwa mtu asiyeona. Walimshika mkono kwenye ngazi. Walimsomea barua zake. Ami alimnunulia miwani ambayo aliivaa Ijumaa tu, kwa heshima. Mchana mmoja wa Shawwal Bibi alikuwa akishona foronya mpya na uzi ukamshinda kuingia tunduni, na kwa kuwa hatukuwa na mtu mwingine chumbani, Babu aliichukua sindano, akailamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja bila hata kuisogeza karibu na uso. Akainua macho akaniona nikimtazama. Aliweka kidole juu ya midomo yake.

Sasa miwani naivaa mimi. Babu na Bibi wamelala siku nyingi, nyumba ya kichochoroni imegawanywa kwa wapangaji, na pale Kibarani palipokuwa na moshi pamepandwa miti na watu husimama kupiga picha machweo. Binti yangu hupapenda. Mimi nikipita hapo mchana wa Ramadhani koo hunikauka vilevile, bila moshi. Nimeiweka siri ya Babu kwa sababu aliniomba kwa kidole kile, lakini kusema kweli imekuwa ikinichoma, maana kila Idd ukoo unapokutana Ami Twalib, ambaye sasa ni mzee na anapapasa ukuta kwelikweli, husimulia jinsi baba yake alivyopiga risasi mbili akakosa zote, maskini, macho yalikuwa yamekwisha. Watoto hucheka, na mimi hupeleka vyombo jikoni.

Idd iliyopita sikwenda jikoni. Binti yangu alikuwa amemaliza saumu yake ya kwanza Ramadhani hiyo, na labda hilo ndilo lililonipa moyo. Nilimngoja Ami amalize, nikaenda kuketi karibu yake, nikamwambia, "Ami, Babu alikuwa akiona." Nikafungua mkoba, nikatoa duara la kitambaa lenye mistari ya buluu iliyopauka, nikaliweka kiganjani mwake. Alilikunjua kwa taratibu. Halafu, bila kujua kwamba anafanya hivyo, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada na kufumba macho, sawasawa na baba yake.

"Hili ni la gobori," akasema. "Mbona kavu?"

"Nalikuwa nimefunga, Ami," nikamwambia.